Bakteria wa Gazi Niliokataa Kuwachemsha

Msinipe pole. Tangu nistaafu, kila ninayekutana naye njiani hapa Gazi ananipa pole, kana kwamba nimefiwa au nimetoka kifungoni. Wananitazama mikono iliyopauka kwa spiriti, wananiuliza kama ni kweli maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza nikilea vijidudu vya matopeni. Ni kweli. Nimewalea, nimewapikia, nimewafungia kwenye kabati la joto kama vifaranga, na kuna waliohukumiwa kufa nikasema hawafi. Sijutii. Basi nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa na makoti yenu meupe yasiyo na doa, kaeni niwasimulie, kisha mtaamua wenyewe ni nani wa kupewa pole.

Naitwa Riziki. Nilikuwa fundi wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti baina ya Gazi na Msambweni, jengo la bati lenye nondo za madirisha zilizoliwa na chumvi. Aliyenifunza kazi ni Mzee Nassoro, mtu wa Wasini, Mungu amrehemu. Siku zangu za mwanzo nilikuwa nikiandika majina ya bakteria kwenye vifuniko vya visahani. Mzee Nassoro hakunikemea. Alichukua visahani vyangu vya mazoezi, akavifunua vyote, akavichanganya vifuniko, akavirudisha, kisha kwa adabu kabisa akaniomba nimwonyeshe kipi ni kipi. Tangu siku hiyo naandika kwenye kitako cha kisahani. Hata chupa zangu za achari nyumbani zimeandikwa chini, na mume wangu hulazimika kuinua chupa juu ya kichwa chake ili ajue kama ni ya embe au ya ndimu.

Alinifunza pia mambo ambayo hamtayaona kwenye vitabu vyenu. Agari, ule uji wa mwani unaoganda ambao bakteria huota juu yake, ukiumimina ungali wa moto sana mvuke unajaa kwenye kifuniko na matone yanadondokea kazi yako. Ukichelewa, unaganda ndani ya chupa. Mzee Nassoro alikuwa akiiweka chupa shavuni. Ukiweza kuishikilia hapo ukasoma Bismillahi yote bila kuruka, mimina. Ukiruka, subiri. Nimeshaona watu wakitafuta kipimajoto huku agari inagandia mikononi mwao, na mimi nimeshamimina, nimeshapanga, nimeshakaa.

Na miguu ya meza zetu ilisimama ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa, kwa sababu ya sisimizi. Alikuja msichana mmoja wa mafunzo kutoka Ukunda, akasema makopo yale yananuka na yanaaibisha kituo mbele ya wageni, akayaondoa. Kesho yake sisimizi walikuwa wameingia visahanini, na kila walipokanyaga pameota bakteria, mistari mistari kama njia za panya. Yule msichana aliyarudisha makopo mwenyewe, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akitaja wageni.

Nyinyi leo mnasoma jeni zote za bakteria kwa mashine, na kompyuta inawaambia huyu ana uwezo wa kutengeneza kitu fulani. Mimi sipingi. Ningekuwa na mashine hiyo ningelala nayo. Lakini kompyuta inakwambia anachoweza kufanya. Anachokifanya kweli utakiona kwenye chupa, na chupa ina tabia zake. Mwanakombo alikuja na karatasi yenye uhakika, chupa ikamkatalia, na nusura tuamini chupa kabla ya kuijua.

Kabla sijafika kwa Mwanakombo, tuelewane kwanza kuhusu ribosomu. Shuleni mlifundishwa kwamba ndani ya kila seli mna ribosomu, na kwamba ribosomu husoma nakala ya jeni na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine mpaka mnyororo utimie. Mnyororo mfupi tunauita peptidi, mrefu uliojikunja tunauita protini. Mlifundishwa vizuri. Walichosahau kuwaambia ni kwamba si kila peptidi inapita mlango huo.

Kuna bakteria na kuvu ambao wana njia nyingine. Wanatengeneza kimeng'enya kikubwa mno, kikubwa kuliko ribosomu yenyewe wakati mwingine, chenye vituo vilivyopangwa mstari. Kila kituo kinachagua asidi amino yake, kinaitia nguvu, kinaitundika kwenye mkono mdogo unaoning'inia, na mkono huo unaikabidhi kwa kituo cha pili, ambacho kinaiunga na ya kwake na kupitisha mbele. Hakuna nakala inayosomwa. Mpangilio wa vituo ndio maagizo yenyewe. Na kwa kuwa hakuna kitabu cha kufuata, vimeng'enya hivi vinatumia hata asidi amino ambazo ribosomu haizigusi, vinaweza kuigeuza moja ikawa kama sura yake kiooni, na mwishoni vinaweza kuufunga mnyororo mwanzo na mwisho ukawa pete. Hata ile penisilini iliyowaliza utotoni inaanzia njia hii. Nikisimulia hivi kuna watu hunibishia kwamba bila ribosomu hakuna peptidi. Wanibishie. Penisilini waliyodungwa haikuwauliza wanaamini nini.

Sasa Mwanakombo. Alitoka Jego, kule karibu na Vanga, na alikuja kituoni kwetu kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamili. Msichana mwembamba, mwenye adabu, shikamoo haikumkauka mdomoni hata kwa paka wa jikoni. Lakini kichwa chake kigumu, na ndiyo sababu nilimpenda. Aliingia mikokoni hapa Gazi maji yalipokupwa, akazama matopeni mpaka mapajani, akarudi na tope la mizizini kwenye vichupa. Katika tope hilo alimpata bakteria mmoja ambaye ukimpanda kwenye agari pamoja na vijidudu vya vidonda, vijidudu vinakufa kumzunguka na kuacha duara safi kama shilingi.

Yule bakteria tulimwita Mkwe. Ilibidi aitwe hivyo. Chakula kikizidi chumvi, anasusa. Joto likipungua kidogo, anasusa. Usipomtikisa vya kutosha apate hewa, anakua vizuri lakini hatoi kitu, anakaa tu amenuna. Mwanakombo alimjua kuliko mtu yeyote. Alijua harufu yake anapokuwa sawa, ile harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza, na alijua akianza kunuka uchachu basi kuna mgeni amejipenyeza chupani.

Alipoisafisha ile dawa ya Mkwe na kuipeleka kupimwa mjini, majibu yalirudi kwamba ni peptidi ya mviringo, na kwamba ndani yake mna ornithini. Ornithini ni asidi amino ambayo haimo katika zile ribosomu inazozitumia. Mwanakombo alinijia mbio na ile karatasi, akasema, "Bi Riziki, huyu hatumii ribosomu." Alikuwa na furaha ambayo mtu huwa nayo mara chache katika kazi hii.

Mkuu wa kituo hakufurahi naye. Sitamsingizia. Mkuu alikuwa mtu wa bara, msomi wa kweli, mkali lakini wa haki, na njia hii ya vimeng'enya aliijua vizuri. Alichosema ni kwamba ornithini peke yake haitoshi. Kuna bakteria wanaotengeneza peptidi kwa ribosomu, kisha baadaye wanaibadilisha asidi amino moja iwe nyingine na kuufunga mnyororo. Huenda Mkwe alikuwa wa kundi hilo. Mwanakombo alikuwa ameandika katika mpango wake wa utafiti kwamba peptidi hii haitokani na ribosomu, basi aonyeshe. Na alikuwa na haki ya kudai hivyo. Katika kazi hii, anayesema ndiye anayeonyesha.

Jaribio lenyewe si gumu kulieleza. Unampanda Mkwe kwenye mchuzi wa virutubisho mpaka akue. Unamvuna, unamwosha ili peptidi aliyokwisha kuitoa iondoke, kisha unamtia kwenye mchuzi mpya wenye kloramfenikoli. Dawa hiyo inazifunga ribosomu za bakteria. Kama peptidi ni kazi ya ribosomu, haitatoka tena. Kama ni kazi ya vimeng'enya, itaendelea kutoka, kwa sababu vimeng'enya havina habari na kloramfenikoli. Kuipima, tulikuwa na kijidudu cha vidonda kilichokwisha kuizoea dawa hiyo na hakikuijali. Kikifa, basi kimeuawa na peptidi ya Mkwe na si kitu kingine.

Siku zote utaratibu wetu ulikuwa kupanda asubuhi na kuvuna magharibi. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani kituo kilifungwa alasiri ili watu wawahi nyumbani kufuturu. Kuiacha mashine ya kutikisia chupa ikifanya kazi usiku haikuruhusiwa, kwani iliwahi kutembea yenyewe kwa mtetemo mpaka ikaanguka kutoka mezani, na Mkuu alikataza isiwashwe bila mtu jengoni. Basi tulifanya kama tulivyofanya kazi zetu nyingine zote za mwezi ule. Tuliwahisha kila kitu. Tukapanda asubuhi, tukavuna adhuhuri, tukaosha, tukatia dawa, tukaondoka. Mchuzi ulikuwa umeshaanza kuwa na ukungu, bakteria walikuwepo wa kutosha, hakuna aliyeona ubaya.

Majibu yalipotoka, hapakuwa na duara hata moja. Kijidudu cha vidonda kilikuwa kimeota sahani nzima, kimestarehe. Tukarudia, tukapata vilevile. Mwanakombo alikaa juu ya kigoda cha maabara akitazama sahani zile, na midomo yake ilikuwa mikavu, si kwa saumu peke yake.

Mkuu alizitazama akasema, "Hii kitu imekataa, Mwanakombo. Ni ya ribosomu, kama zingine." Akasema kwa upole, nakiri. Kisha akasema yale yaliyofuata. Kabati la joto lilihitajika kwa utafiti wa wakulima wa mwani uliokuwa unangoja nafasi. Bakteria wote wa Mwanakombo wachemshwe kwenye jiko la mvuke kabla ya Idi, chupa zioshwe, na yeye atafute mada nyingine. Nafasi ya Mkwe kwenye friza nayo ilikuwa imepewa wengine, hapakuwa na akiba yake popote, kwa sababu mpango wa utafiti ulishafeli. Mada nyingine wakati ule maana yake ilikuwa kurudi Jego bila shahada. Muda wake wa masomo ulikuwa umekaribia kwisha na kuanza upya asingewahi. Yeye alijua, mimi nilijua, na nadhani Mkuu pia alijua.

Kuchemsha ilikuwa kazi yangu. Nimechemsha bakteria wengi kuliko watu wote wa Gazi na Msambweni ukiwajumlisha, na sikuwahi kuwalilia. Lakini siku ile nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni. Hasira yangu haikuwa kwa Mkuu peke yake. Ilikuwa kwa ile haraka. Tumemtunza Mkwe miezi kwa miezi, tumevumilia kususa kwake kote, halafu tumemwuliza swali moja kwa pupa ya kuwahi futari, na tumeshamhukumu.

Nilikwenda ofisini kwake, nikabisha hodi, nikasimama. Nikamwambia, "Mkuu, wale sichemshi."

Aliniuliza kama ninakataa kazi. Nikamwambia kazi siikatai. Ninaikataa hii. Nilimwambia sina ushahidi mwingine, na sijui tumekosea wapi, ila bakteria anayesusa kwa punje ya chumvi hawezi kuhukumiwa kwa siku mbili za Ramadhani. Akasema kama mimi sitaki, atawachemsha yeye mwenyewe, na siku aliitaja. Ilikuwa karibu. Alisema pia kwamba atawaandikia makao makuu kuhusu mwenendo wangu. Nikamjibu aandike, na jina langu aliandike sawasawa.

Nyinyi vijana mtaniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana. Lakini kuogopa hakukubadilisha mawazo yangu, na sioni kwa nini kungebadilisha.

Jioni ile nilimchukua Mwanakombo nyumbani kwangu kufuturu. Kumwacha peke yake kwenye chumba alichopanga nilihisi ni dhambi. Nyumbani kwangu Ramadhani sambusa ni kazi ya mstari. Wifi zangu hukaa kwenye mkeka barazani, mmoja anasukuma manda, zile chapati nyembamba za kufungia, wa pili anazikata, wa tatu anatia nyama, wa nne anakunja na kufunga, na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, anakaa mwisho jikoni na karai la mafuta. Hakuna anayeamrisha. Ukikaa mahali pa kutia nyama, unatia nyama. Tukimweka mtu wa dengu mahali pa mtu wa nyama, sambusa inatoka ya dengu na hakuna anayelaumiwa.

Siku ile tulichelewa. Tulipoingia, wifi zangu walikuwa bado hawajafika, mkeka umetandikwa mtupu, na mavyaa amekaa mbele ya karai linalofuka moshi. Mume wangu akachungulia mlangoni akauliza sambusa ziko wapi. Mavyaa wangu hana subira na maswali ya mwenye njaa. Akamwambia, "Sambusa zitoke wapi, mwanangu? Watu wa kuzitengeneza hawajakaa. Karai ninalo, watu sina."

Mwanakombo alikuwa amekwishaketi mkekani ameshika kifimbo cha kusukumia. Nilimwona anakiweka chini. Alimtazama mavyaa, akautazama ule mkeka mtupu, kisha akanigeukia mimi. Akasema polepole kwamba vile vimeng'enya vya Mkwe vyenyewe ni protini.

Nikamwambia ninajua. Akasema, "Basi vinatengenezwa na ribosomu, Bi Riziki. Peptidi haiihitaji ribosomu, lakini watengenezaji wake wanaihitaji. Tumevuna adhuhuri, Mkwe bado mchanga, bado anakua tu. Hajakaa kutengeneza chochote. Tumeufunga mlango kabla watu hawajaingia."

Nilikaa kitako. Mambo yale sote tuliyajua, mimi, yeye, na Mkuu pia. Bakteria wengi wa namna hii hawaanzi kutengeneza silaha zao mpaka wamekaribia kumaliza kukua, chakula kimeanza kupungua na jirani wameanza kubanana. Siku za kawaida tulipovuna magharibi, Mkwe alikuwa amefika umri huo, na utaratibu wetu ulitulinda bila sisi kufikiri. Ramadhani tulipouwahisha, tulichukua vijana tukawadai kazi ya watu wazima. Sahani zetu tupu hazikusema kwamba peptidi ni ya ribosomu. Zilisema kwamba wakati wa kutia dawa vimeng'enya vilikuwa bado havijakuwepo. Mavyaa wangu alituuliza kama tumegombana. Nilimwambia la, na tukamaliza kusukuma manda, kwa sababu futari haingojei ribosomu.

Muda uliobaki ulitosha kujaribu tena kwa shida. Ilibidi tupande alasiri, kabla ya kituo kufungwa, Mkwe akue usiku, na tuvune asubuhi. Maana yake mashine ya kutikisia chupa ifanye kazi usiku, jambo lililokatazwa. Nilimwomba Hamadi, askari wa lango, ahamishie kiti chake ndani, ale daku yake mbele ya mashine, na ikianza kutembea aizime. Hamadi alinipa sharti moja, kwamba akiulizwa atasema ukweli. Nikamwambia sharti hilo ni langu pia. Asubuhi yake nilimwambia Mkuu mwenyewe, hata hajafungua mlango wa ofisi, kwamba mashine imefanya kazi usiku kwa amri yangu na Hamadi alikuwepo jengoni. Akasema tutaongea siku ile aliyoitaja.

Mchuzi ulikuwa mzito, wa rangi ya maji ya mchele, na ukifungua chupa ile harufu ya udongo wa mvua inakupiga usoni. Mwanakombo aliwavuna, akawaosha, akawaosha tena. Mara hii hatukutaka mwanya wowote. Tuliweka chupa yenye dawa na chupa isiyo na dawa. Tulichota maji ya kuanzia, mara tu baada ya kuosha, ili tuwe na hakika hakuna peptidi ya zamani iliyobaki. Tulipima unene wa mchuzi mwanzo na mwisho, ili tuone kama dawa imezifunga ribosomu kweli, maana bakteria asiye na ribosomu hakui. Kisha tukatoboa vishimo kwenye agari iliyopandwa kijidudu cha vidonda, tukatia tone la kila kitu, na dawa peke yake kwenye kishimo chake. Tukavifungia visahani kwenye kabati la joto, tukaenda nyumbani. Usiku ule sikulala vizuri, na sijui kama Mwanakombo alilala kabisa.

Siku ile aliyoitaja Mkuu ndiyo ilikuwa kesho yake. Nilipofika, nilimkuta ameshatangulia. Jiko la mvuke lilikuwa limewashwa, kapu la kuwekea chupa liko wazi pembeni, na yeye amevaa koti lake. Mwanakombo aliingia nyuma yangu, akatoa salamu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la joto. Alivitoa visahani kimoja kimoja na kuvipindua mezani, majina juu. Sikumsaidia, kwani ile ilikuwa kazi yake.

Palikuwa na maduara. Kwenye kishimo cha chupa isiyo na dawa palikuwa na duara pana. Kwenye kishimo cha chupa yenye dawa, pale ambapo ribosomu zilikuwa zimefungwa na Mkwe hakukua hata kidogo, palikuwa na duara karibu sawa na lile. Kwenye maji ya kuanzia hapakuwa na kitu. Kwenye dawa peke yake hapakuwa na kitu. Nilitaka kulia, nikajizuia, kisha nikaona hakuna sababu ya kujizuia nikalia.

Mkuu alivaa miwani. Alichukua rula akayapima maduara mwenyewe, akauliza vipimo vya unene wa mchuzi, akaonyeshwa. Akauliza kijidudu cha vidonda kilijaribiwa lini kama bado hakiijali kloramfenikoli, akaonyeshwa kishimo cha dawa peke yake. Akauliza kwa nini mara ya kwanza haikutoka. Mwanakombo akamweleza kuhusu adhuhuri na magharibi, kuhusu vimeng'enya ambavyo vilikuwa bado havijatengenezwa, na akamwambia kwamba sahani zile tupu nazo ataziweka kwenye tasnifu, pamoja na maelezo kwamba ilikuwa Ramadhani na kituo kilifungwa alasiri. Mkuu akamwambia jambo la namna hiyo haliandikwi kwenye kazi ya kisayansi. Mwanakombo, yule wa shikamoo kwa paka, akamjibu kwamba ndilo lililotokea na ndilo litakaloandikwa.

Mkuu alinigeukia mimi. "Na kama ungekuwa umekosea, Bi Riziki?"

"Ningewachemsha mwenyewe, Mkuu, nawe umesimama hapo ukiniangalia," nikamwambia. "Lakini baada ya kuwauliza vizuri. Si kabla."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. Halafu akaenda kwenye jiko la mvuke, akalizima, akachomoa waya ukutani, na akamwuliza Mwanakombo jaribio la kurudia linaanza saa ngapi, kwa sababu alitaka awepo.